Vioo vya Bluu vya Edelmira

Siku Edelmira Baldeón alipotia vioo vya bluu kwenye madirisha ya mbele ya nyumba yake, dada yake Zósima aliumwa tumbo. Alilala mchana kutwa akinywa maji ya moto yenye majani ya kunukia, mumewe Abilio akimuuliza amekula nini huko sokoni, naye akamjibu kwamba hakula kitu, ameona tu.

Ni vioo vya aina ile ambayo aliye ndani anakuona, na wewe uliye nje humwoni. Unajiona mwenyewe, mawingu na nyaya za umeme. Watu wa mtaa wetu wa Chilca walivisifu wiki nzima. Zósima alipita pale kila asubuhi akienda kwenye kibanda chake cha nyuzi za sufu, na msidhani kwamba hakukuwa na njia nyingine. Ilikuwapo, tena fupi, lakini angejuaje kama mdogo wake ameongeza kitu kingine? Basi alipita, akasimama mbele ya kioo, akaweka kofia yake sawa kana kwamba hilo ndilo lililomsimamisha, akabetua midomo, akaenda zake.

Kabla ya vioo hivyo alikuwa akigonga dirisha kwa pete yake. Mama yao, Fortunata, alilifungua, wakasemezana pale pale maneno mawili matatu, mama akampa kipande cha mkate cha kula njiani. Vioo vilipokuja, akaacha kugonga. Aliapa mbele ya Abilio kwamba hatagonga jumba la watu wenye makuu, wala hatatia mguu ndani yake, mpaka siku atakayokwenda kumchukua mama. Abilio akasema sawa, maana Abilio ni mtu wa kusema sawa. Tangu hapo mama na binti wakawa wanaonana kanisani tu siku ya Jumapili, Edelmira amemshika mama mkono mmoja na Zósima akiukimbilia ule mwingine.

Tusidanganyane, vioo vilikuwa kisingizio. Kilichomkaa Zósima rohoni ni mama. Yeye ndiye mtoto wa kwanza, yeye ndiye aliyebaki katika nyumba ya wazazi, ile ya matofali ya udongo na paa la vigae vyekundu, na bado mama alipofiwa na mumewe na kuanza kukohoa alikwenda kwa Edelmira "kupumzika kidogo", na kidogo hicho kikawa miaka. Kila aliyemwambia, "Mdogo wako anamtunza mama vizuri, Mungu ambariki," alimchoma kisu. Na wengi walimwambia hivyo, kwa sababu walijua kinachoma.

Siku moja baada ya misa akambana mama kando ya mlango wa kanisa.

"Mama, utarudi lini kwako?"

"Chumba changu kile kina giza, mwanangu, na baridi yake inaniingia kifuani. Nipanulie dirisha, jua la asubuhi liingie, nami nitarudi. Lakini mvua kubwa zisinikute njiani, unanijua kifua changu. Krismasi nataka niwe nimekwisha hamia."

"Dirisha tu?"

"Dirisha tu. Kwani mimi ni askofu?"

Zósima alirudi nyumbani karibu apae. Akamwita fundi Eleuterio Inga, yule yule aliyejenga kwa Edelmira, maana hakutaka kesho aambiwe kwamba yeye ametumia fundi wa bei rahisi. Fundi Inga alikuwa mtu mnene mwenye kicheko kizuri, aliyekuwa na kazi tatu kwa wakati mmoja na kuwaahidi wenye nyumba wote watatu kwamba kesho asubuhi atakuwa kwao. Akalipima dirisha, akasema kazi ndogo, wiki haiishi.

"La Edelmira lina upana gani?" Zósima akauliza.

"Mita mbili."

"Langu lifanye tatu."

"Mama, huu ni ukuta wa udongo. Nikiukata mita tatu unakuja chini wote."

"Basi uje. Upandishe wa matofali ya kuchoma, kama wake."

"Na paa? Vigae vile vizito vitakaa juu ya nini?"

"Kwani yeye ana vigae? Si ana zege juu? Nami nitie zege. Na nondo uziache zimechomoza, watu wajue kwamba ghorofa inakuja."

Fundi Inga alivua kofia, akajikuna kichwa, na macho yakamng'aa. "Hiyo ni kazi nyingine, mama," alisema.

Na kweli ikawa kazi nyingine, halafu nyingine. Edelmira ana nguzo mbili mbele ya mlango, Zósima akataka nne, na hazikubeba kitu zaidi ya njiwa. Edelmira ana vigae vya sakafu vya kijivu, Zósima akataka vyenye maua ya dhahabu. Kila Zósima alipofungua mdomo tu fundi alisema hiyo ni kazi nyingine, na kila kazi nyingine ilikula fedha nyingine. Akiba ya kununulia sufu ikaondoka. Kikaja chama cha mikopo cha sokoni. Ikafuata pikipiki ya Abilio, ambaye alianza kwenda kazini kwa miguu, akisema sawa kwa sauti ndogo zaidi kuliko zamani.

Kazi yenyewe sasa! Mlango wa chumba cha mama haukufungika mpaka uuinue kwa goti. Lipu ilikuwa na mabonde na vilima. Swichi ya taa fundi aliiweka nyuma ya mlango, kwa hiyo ilibidi uingie gizani, ufunge, ndipo uwashe. Vigae vya maua ya dhahabu vililia vikikanyagwa. Zósima akifoka, fundi Inga alipapasa ukuta kama mtu anayempapasa ng'ombe, akasema, "Itakaa sawa ikikauka."

"Mlango nao utakauka?"

"Kila kitu hukauka, mama."

Siku ya kumwaga zege la paa ikapangwa Septemba. Kwetu siku hiyo haina tofauti na harusi. Paa lina mama wake wa ubatizo, ambaye huleta msalaba wa chuma wenye maua na riboni, hulipa sehemu ya bia, na kazi ikiisha huvunja chupa. Mtu huchagua rafiki mwenye nafasi. Zósima alimchagua Edelmira. Jirani zake walitokwa na machozi kwa upendo huo, lakini yeye alitaka tu mdogo wake alazimike kuja, alazimike kusimama chini ya jua, na alazimike kutazama.

Siku ya paa la Edelmira, miaka michache nyuma, bia ilifichwa chini ya meza mpaka ndoo ya mwisho ya zege ilipopanda. Watu walikunywa maji ya shayiri wakisubiri, na kuna mtu alisema ilikuwa kama matanga. Zósima aliupenda sana mzaha huo. Aliurudia kwa miaka.

Basi kwake asubuhi ile mashine ya kukorogea ilinguruma tangu kumepambazuka, vibarua wakapanda ubao mbio mbio na ndoo mabegani, na mama Fortunata aliletwa na Edelmira, akakalishwa kwenye kiti kando ya ukuta, akafunikwa blanketi. Saa sita ilipokaribia nusu ya paa ilikuwa imejaa zege. Bendi ya saksafoni ikawasili na kinubi chake. Wageni wakakaa kwenye mabenchi, wakatazama mikono yao. Ndipo jirani mmoja, bila nia mbaya au kwa nia mbaya kabisa, akasema, "Mbona kumetulia kama kule kwa Edelmira?"

Zósima alihisi masikio yake yakiwaka. Akaivuta kreti ya kwanza katikati ya ua kwa mikono yake mwenyewe.

"Fungueni! Wote mshuke, mnywe!"

Fundi Inga alikuja mbio. "Mama, subiri kidogo. Zege likianza kumwagwa linamwagwa lote. Likiachwa njiani haliungani tena."

"Fundi, uchoyo uko mtaa wa pili. Hapa kwa Zósima watu wanakunywa."

"Muda wa saa mbili tu, mama. Tumalize."

"Wewe huna kiu?"

Fundi Inga aliitazama chupa. Lilikuwa jua kali, na chupa ilikuwa inatoa jasho. Alimwaga tone la kwanza chini kwa ajili ya ardhi, kama inavyopasa, na mengine yote akayamwaga kooni. Vibarua wakashuka. Mashine ikaendelea kunguruma peke yake mpaka Zósima akaamuru izimwe, kwa sababu ilikuwa inazizidi saksafoni sauti. Halafu akapanda juu, kwenye ile nusu ambayo ilikuwa bado mbao na nondo tupu, akakusanya sketi, akaanza huaylas. Ni ngoma ya kupiga miguu, na yeye tangu msichana alikuwa akiipiga kwelikweli. Mbao ziliruka. Mpiga video, aliyekodiwa kwa sababu Edelmira hakukodi, alipanda nyuma yake, asikose hata kisigino.

Waliporudi kazini jua lilikuwa limegeuka, na ukingo wa zege la asubuhi ulikuwa umekwisha kuwa mgumu. Vibarua walikuwa wachangamfu mno kubeba zege zito, kwa hiyo wakaongeza maji liwe jepesi, likapanda kama uji. Jioni Edelmira akavunja chupa kwenye msalaba. Sketi yake ya sherehe ilikuwa na matope mpaka magotini, na Zósima akamsukuma Abilio kwa kiwiko.

"Mwone yule. Hata sketi ya sherehe hajui kuishika."

Hiyo ndiyo ilikuwa siku njema kuliko zote za mwaka ule kwa Zósima. Video ilipotoka aliiweka kwenye simu, akawaonyesha wateja wake wa sufu, anayenunua na asiyenunua. "Tazama hapo, tazama miguu." Ngoma yake ikiisha alizima, akaanza tena toka mwanzo.

Mvua ya kwanza ilikuja Novemba. Asubuhi yake Zósima aliingia chumba cha mama kufagia, akakuta mstari mweusi umepita darini kutoka ukuta hadi ukuta, umenyooka, na katikati yake tone limening'inia juu ya kitanda alichokwisha kukitandika shuka mpya. Akalitazama tone. Tone likadondoka.

Fundi Inga alikuja siku ya nne ya kuahidi kesho. Akapaka lami, na paa likavuja. Akapaka saruji juu ya lami, na likavuja saruji na lami. Akaleta dawa ya kopo ya bei ya kuumiza, akasema itakaa sawa ikikauka.

"Itakauka lini, Inga? Si mvua inanyesha?"

"Ndiyo tatizo lake hilo, mama."

"Kwa Edelmira kunavuja?"

"Kwa Edelmira? Hapana. Kule kukavu."

Angejua, asingelijibu swali hilo. Tangu saa ile Zósima hakuwa na fikira nyingine. Fundi ni yule yule. Saruji ni ile ile, duka ni lile lile, hata mchanga umetoka mto mmoja. Kule kukavu, kwake kunalia. Na Krismasi hiyo inakuja, na mama na kifua chake atakwenda kulala chini ya tone? Atabaki kule, bila shaka. Atabaki kwenye vioo vya bluu. Nani anafaidi? Zósima alijiuliza akipanga mafundo ya sufu, na kila alipojiuliza jibu lilikuwa na uso wa mdogo wake.

Akaifungua tena video, safari hii asitazame miguu yake. Akamtafuta Edelmira. Akamwona, pembeni kabisa mwa picha, wakati yeye anapanda juu kucheza, amemvuta fundi Inga kando, anamnong'oneza sikioni. Fundi anatikisa kichwa.

"Huyu hapa!" Zósima alipiga kelele, na mteja akaangusha nyuzi. "Mchawi wangu huyu hapa!"

Alifunga kibanda. Akamkuta fundi Inga kwenye kazi yake nyingine, akamshika mkono wa shati na kumkokota barabarani, fundi mzima mwenye tumbo lake, akiuliza, "Kwani kuna nini, mama? Kuna nini?" Safari hii Zósima hakuweka kofia sawa mbele ya kioo. Aliusukuma mlango, akaingia.

Edelmira alikuwa ameshika upawa. Mama Fortunata alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, blanketi magotini. Nyumba ilinuka supu ya mahindi, na hilo nalo lilimuudhi Zósima.

"Dada!" Edelmira akasema. "Karibu. Kaa, nikupakulie."

"Sikuja kula. Washa hiyo televisheni yako kubwa." Akampa flashi ya mpiga video. "Washa, mama naye aone mtoto wake mpenzi alivyo."

"Zósima, mwanangu," mama akaanza.

"Hapana mama, leo utaona."

Picha ikaja. Saksafoni zikajaa chumbani, na Zósima mkubwa kama mtu kamili akapanda paani na sketi zake. "Hapo! Simamisha! Unaona? Ulimwambia nini fundi? Ulimpa nini aniharibie paa? Sema, Inga, sema mbele ya mama!"

Fundi Inga alivua kofia. Alimtazama Edelmira, akatazama chini.

"Hakunipa kitu, mama. Aliniambia, 'Fundi, nakusihi, hilo ni paa la mama yangu. Malizeni kwanza, bia nitailinda mimi.' Nami nikamwambia nakunywa moja tu." Akaigeuza kofia. "Hazikuwa moja."

"Mwongo!"

"Acha iendelee basi," Edelmira akasema kwa utulivu, akabonyeza.

Zósima hakuwa amewahi kuitazama video baada ya ngoma yake kwisha. Sasa ikaendelea. Mpiga video alikuwa amebaki juu, anazungusha kamera akionyesha bendi, wageni, milima. Na kila kamera ilipopita kwenye ile nusu ya zege, alikuwapo mtu mmoja tu. Edelmira, sketi imekunjwa mpaka magotini, anamwagia maji ukingo wa zege usikauke. Kamera ikaenda kwa mpiga kinubi, ikarudi. Edelmira anatandaza magunia mabichi. Ikaenda kwa Zósima anayemnywesha jirani yake bia, ikarudi. Edelmira anapanda ubao na ndoo begani, peke yake, anaimwaga, anashuka. Mlevi mmoja anamshika kiuno acheze naye, anamsukuma. Huko chini, kando ya ukuta, mama Fortunata ameinua mkono, anasema kitu ambacho saksafoni zimekimeza.

"Nilikuwa nakuita wewe," mama akasema kutoka kitini. "Hukusikia."

Hakuna aliyezima. Bendi ikaendelea kupiga mle ndani mpaka video ikaisha yenyewe. Zósima alikuwa amesimama katikati ya sebule, uso unamuwasha, na aibu yake ikafanya kile ambacho aibu yake hufanya siku zote: ikatafuta mtu wa kumwangukia.

"Na wewe ukanyamaza miezi yote hii! Unaniacha napaka lami kama mwendawazimu, umekaa kimya!"

"Ningesema nini? Ungeniambia nina wivu."

"Kwani huna?"

"Ninao!" Edelmira akautupa upawa mezani. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti hivyo. "Ninao, dada! Wivu umenila mpaka mfupa! Njoo hapa. Njoo uone."

"Edelmira, acha," mama akasema.

"Siachi, mama. Kaja mwenyewe." Akamshika dada yake mkono, akamsimamisha kando ya kiti, mbele ya kioo cha bluu. "Unajua kwa nini nilitia vioo hivi? Wewe unasema makuu. Huyu mama yako, kila asubuhi, kabla ya chai, kabla ya kusali, anakaa hapa anakungoja upite. Zamani watu wakimwona wanamuuliza, 'Mama Fortunata, unamngoja nani?' Anawajibu, 'Namngoja Zósima wangu.' Zósima wangu! Mimi ndiye ninayempikia. Mimi ndiye ninayemsugua mgongo akikohoa. Na mtaa mzima unajua kwamba katika nyumba yangu anamngoja Zósima. Nikaona haya. Nikatia vioo wasimwone." Sauti ikapungua. "Na wewe usimwone. Nilitaka hilo pia. Lakini nilidhani utagonga. Umegonga miaka yote, nikasema hata akiwa hamwoni atagonga. Nawe ukaja ukaweka kofia sawa."

Zósima alitazama nje. Barabara yote ilikuwa wazi kabisa, bluu kidogo tu. Mwanamke mmoja wa sokoni anayemfahamu alikuja upande ule, akasimama hatua moja mbele yake, akamkazia macho bila kumwona, akatoa kitu katikati ya meno kwa ukucha, akaenda zake.

"Kila siku?" Zósima akauliza.

"Kila siku anakupungia mkono," Edelmira akasema.

Mama Fortunata alikuwa ananyoosha blanketi lililokwisha nyooka.

"Ile kofia yenye riboni nyeusi ndiyo inayokukaa," alisema. "Hii ya leo inakuzeesha, mwanangu."

Zósima akaivua ile kofia. Akapiga magoti pale kwenye sakafu ya vigae vya kijivu, akaweka uso kwenye blanketi la mama, akalia kwa sauti kama watoto wanavyolia. Fundi Inga aliona ni heri ajitazamie ukuta, na akawa anaupapasa kwa mazoea.

"Na wewe usijifiche hapo," mama akamwambia. "Mwashi mzima kushindwa na chupa. Utalibomoa paa hilo na kulimwaga upya, na ufundi hatukulipi hata senti."

"Ndiyo, mama."

"Lini?"

"Kesh—" Fundi Inga akajizuia. "Mvua zikiisha, mama. Aprili."

Mama hakungoja Aprili. Krismasi ilipofika alihamia kama alivyosema, na blanketi lake, na beseni la kukingia tone. Kitanda wakakisukuma kwenye kona kavu, chini ya lile dirisha la mita tatu. Mwenye vioo, alipokuja kupima siku chache kabla, alimuuliza Zósima kama anataka vya bluu kama vya dada yake. Zósima akasema anataka vya kawaida, vya kuonekana pande zote mbili, na wasimuulize tena.

Aprili paa likabomolewa. Fedha ya saruji ya pili ilitoka kwenye hereni za dhahabu za Zósima, na nguzo mbili zikavunjwa ili kokoto zake zitumike kujazia ua, njiwa wakahamia kwa jirani. Siku ya kumwaga zege hapakuwa na bendi wala mpiga video. Bia ilikuwapo, kreti nne, na Edelmira alizikalia tangu asubuhi na upawa mkononi, hakuinuka hata kwenda haja mpaka ndoo ya mwisho ilipopanda. Watu walisema ilikuwa kama matanga. Paa halijavuja tangu siku hiyo, ingawa mlango bado huinuliwa kwa goti.

Msidhani kwamba Zósima amepona. Sasa ni Edelmira anayepita asubuhi, anagonga kioo kwa pete, na mama anamfungulia. Zósima akiwa jikoni husikia wakicheka, na roho inamuuma. Wanacheka nini? Mbona na yeye mama hacheki hivyo? Wapita njia wakimuuliza mama anamngoja nani pale dirishani, husema, "Namngoja Edelmira wangu," kwa sauti ile ile. Siku moja neno hilo lilimkaa Zósima vibaya mpaka akatoka na kofia yake yenye riboni nyeusi, akaenda moja kwa moja hadi duka la vioo, akauliza bei ya vile vya bluu.

"Mita ngapi?" muuzaji akauliza.

Zósima alikiangalia kioo cha mfano kilichoegemezwa ukutani. Alimwona humo mwanamke mwenye kofia nzuri, na nyuma yake barabara.

"Nilikuwa nauliza tu," alisema.

Akarudi kwa njia ndefu, akiwa amejikasirikia. Alipokata kona alikuwa bado mbali na nyumba, lakini mama alikuwa amekwisha kumwona. Alikuwa amesimama dirishani kwa kujishikilia pazia, anapunga mkono wote, kama mtu anayeogopa kwamba hataonekana. Zósima akainua wake akiwa bado kule kwenye kona, akaupunga mpaka mlangoni.